Kabla ya Kumlaumu Fundi: Nini Huua Injini Ndogo ya Nitro?

Leo naomba ruhusa. Hakuna habari za hifadhidata, hakuna habari za seva iliyolala usiku wa manane. Leo naandika juu ya injini. Si ya matatu wala ya bodaboda, bali injini inayoenea kwenye kiganja cha mkono: ile ya magari madogo ya rimoti yanayotumia mafuta ya nitro. Wengi wenu mmeyaona kwenye video tu. Hapa Eastlands ni machache, lakini yapo, na likitokea moja kwenye kiwanja cha changarawe Umoja au Donholm siku ya Jumapili, watoto huacha mpira na kuja kutazama.

Wanaokuja hapa kwa ajili ya programu msiondoke. Kutafuta kilichoua injini na kutafuta mdudu ndani ya programu ni kazi moja. Tofauti ni kwamba programu huacha kumbukumbu ya makosa unayoweza kuisoma ukiwa umekaa na chai yako, ilhali injini haiandiki kitu. Ushahidi wake ni moshi, joto, sauti, rangi ya plagi na mikwaruzo kwenye chuma. Na usipojua kuusoma ushahidi huo, utafanya kile ambacho sisi wote hufanya kitu kinapoharibika: utamlaumu mtu wa mwisho kukigusa.

Ndivyo ilivyotokea mtaani kwetu, na ndiyo sababu ya makala haya.

KESI YENYEWE

Kijana mmoja wa ploti ya jirani, aliyemaliza kidato cha nne juzijuzi, alinunua gari la nitro la mitumba. Ni lile la kipimo cha moja kwa nane, lenye injini ya sentimita za ujazo 3.5. Pesa alizipata kwa kuosha magari ya watu, shilingi kwa shilingi, kwa miezi mingi. Gari lilipofika lilikuwa zito. Lilitoa moshi mwingi, likikohoa kila akibana kifyatulio cha rimoti.

Akalipeleka kwa fundi mmoja Kariobangi Light Industries, mzee ambaye kazi yake ni misumeno ya mnyororo na jenereta ndogo. Mzee hakuwa amewahi kuona gari la namna hiyo, lakini aliitazama injini akacheka: "Hii si ni tu-stroki kama zile zangu, imepungua tu mwili." Akageuza sindano za kabureta kidogo kidogo, gari likapata mbio.

Baada ya wiki mbili hivi ugonjwa mpya ukaanza. Asubuhi injini inawaka vizuri. Baada ya dakika nne au tano, ikishapata moto, inazima. Hata uvute kamba mpaka mkono uume, haiwaki. Iache ipoe nusu saa, inawaka tena kama kwamba hakuna lililotokea.

Kijana akafikia hukumu yake: fundi amepunguza mafuta kupita kiasi, injini imeungua, na fundi lazima alipe injini nyingine. Hukumu hiyo hakuisema chumbani. Aliisema kwa kinyozi, Jumamosi, watu wamejaa. Wenye kuishi Eastlands mnajua maana yake. Fundi wa jua kali hana bango la barabarani wala tovuti. Mtaji wake ni vifaa vyake na jina lake, na vifaa vikiibwa vinanunuliwa tena.

Nikaitwa mimi niamue. Kwa nini mimi? Kwanza, mtaani ukijua kompyuta unadhaniwa unajua pia redio, friji na mita ya stima. Pili, ni kweli ninazo injini mbili za aina hiyo na nimecheza nazo kwa miaka kadhaa. Nilikubali kwa sharti moja: nisisikie jina la fundi mpaka tumalize kuangalia injini.

INJINI HII HUFANYAJE KAZI?

Tuelewane kwanza, maana bila hapa hayo mengine hayataeleweka.

Injini ya nitro haina cheche. Ina plagi yenye kiwaya kidogo kilichoviringwa, chenye platini. Unapoiwasha, unakipa kiwaya umeme wa volti 1.5 hivi kutoka kwenye betri, kinakuwa chekundu. Injini ikishawaka unaondoa betri. Kiwaya kinaendelea kuwaka chenyewe, kwa sababu mbili: joto la mlipuko uliopita, na tabia ya platini kuendeleza kuungua kwa methanoli inapoigusa. Plagi za namna hii ziliingia sokoni Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, na wazo lake halijabadilika sana tangu hapo.

Mafuta yake si petroli. Ni methanoli, pamoja na nitromethani (mara nyingi kati ya asilimia 16 na 25), pamoja na oili. Hapo kwenye oili pasikupite. Injini hii haina oili nyingine ndani. Oili pekee inayolainisha pistoni na beringi ni ile iliyokuja na mafuta. Kwa hiyo ukipunguza mafuta unapunguza vitu viwili kwa mpigo: ubaridi na ulainishaji. Na kitu hiki huzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika, yaani mara 500 kwa sekunde moja. Kikikosa oili hata kwa muda mfupi, kinajisaga.

Halafu kuna pistoni na laina. Pistoni ni ya aluminiamu. Laina ni ya shaba ya njano iliyopakwa kromu, na imefinywa kidogo kwa juu. Injini ikiwa baridi, pistoni inakwama inapofika kileleni. Ukizungusha flaiwili kwa kidole unasikia inabana, kisha inajiachia. Hilo si kosa, ndivyo ilivyokusudiwa. Shaba hupanuka kwa joto kuliko ile aluminiamu ya pistoni, kwa hiyo injini ikipata moto laina inapanuka na kila kitu kinakaa sawasawa.

Sasa fikiria pistoni na laina zilizokwisha kulika. Zikiwa baridi bado zinabana kiasi cha kuwasha injini. Zikipata moto laina inapanuka, nafasi inakuwa kubwa, mgandamizo unavuja, injini inazima. Ikipoa inarudi. Umeona? Ni ugonjwa uleule wa kijana wetu. Lakini na injini iliyokosa mafuta nayo huzima ikipata moto, na nayo hurudi ikipoa. Dalili ni moja, visababishi viwili. Hapo ndipo lawama hupenda kujificha.

NAIROBI HAIKO PWANI

Kabla sijafungua injini, kuna jambo moja la Nairobi ambalo kitabu kinachokuja na gari hakikuambii.

Uwanja wa ndege wa JKIA, pale Embakasi, uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Mitaa yetu ya Eastlands iko karibu na kimo hicho hicho. Kwenye kimo hicho shinikizo la hewa ni pungufu kwa takriban moja ya sita ukilinganisha na Mombasa. Kabureta haina akili ya kujua hilo. Hewa imepungua, lakini sindano inaachilia mafuta kwa kipimo kilekile cha kiwandani. Matokeo: mafuta mengi, hewa chache. Moshi, kukohoa, uzito. Yaani hasa gari la kijana lilivyokuwa siku lilipofika.

Kwa hiyo fundi alipopunguza mafuta hakuwa anabahatisha. Mwenye msumeno wa mnyororo anayeishi Nairobi na kupanda nao Limuru hujifunza jambo hilo kwa mikono, hata kama hajawahi kusoma namba za shinikizo la hewa. Swali halikuwa kama alipaswa kupunguza. Swali lilikuwa kama alizidisha.

(Na kinyume chake pia ni kweli. Ukitengeneza injini yako hapa halafu ukateremka nayo Mombasa likizo ya Desemba, ongeza mafuta kabla ya kuiwasha. Huko hewa ni nzito, na mchanganyiko uliokuwa sawa Umoja utakuwa mkavu Nyali.)

KANUNI YANGU YA KWANZA: USIGUSE SINDANO

Mtu akikuletea programu iliyoharibika, kosa kubwa ni kuanza kubadilisha mistari kabla hujaona inavyoharibika. Utabadilisha vitu vitatu, itapona, na hutajua ni kipi kilichoiponya. Kesho ikirudi huna pa kuanzia. Kwenye injini ni vilevile, na sindano ya kabureta ndiyo kishawishi kikubwa, kwa sababu iko nje na bisibisi iko mfukoni. Kila mtu anayepita anataka kuigeuza robo.

Mimi na kijana tulikubaliana: leo hatugeuzi kitu. Tunatazama tu, na tunaandika.

Kwanza tuliiwasha na kuiacha iugue mbele yetu. Nilikuwa na mita ya umeme yenye waya wa kupima joto, nikaugusisha kwenye kichwa cha injini karibu na plagi. (Kijana alikuwa ameleta kile kipimajoto cha bunduki kilichoenea wakati wa korona mwaka 2020. Hakifai. Vile ni vya paji la uso, vikipita nyuzi arobaini na kitu vinakataa kusoma.) Injini nyingi za aina hii hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 95 na 125 za Selsiasi. Yetu ilizima ikiwa nyuzi 98.

Sikilizeni hapo. Injini iliyokaushwa mafuta haizimi kwa nyuzi 98. Inapanda, inapita 130, sauti yake inakuwa kali kama ya mbu, halafu ndipo inazima. Yetu ilizima kwa upole, ikipungua nguvu polepole. Na muda wote mkia wa moshi mweupe ulionekana nyuma yake. Moshi ni oili. Penye moshi pana mafuta.

Kuna wanaopima joto kwa kudondosha tone la maji juu ya kichwa cha injini na kuhesabu sekunde mpaka likauke. Ni njia nzuri kwa asiye na kipimo, lakini kumbukeni kwamba hapa kwetu maji huchemka kwa nyuzi karibu 95, si 100. Ukifuata hesabu ya sekunde iliyoandikwa na mtu wa pwani, utadhani injini yako ina joto kuliko ilivyo.

Pili tulitoa plagi. Kiwaya cha injini iliyokosa mafuta hugeuka kijivu, hupoteza mng'ao, na mara nyingi hupinda au kukatika. Chetu kilikuwa kinang'aa, kimelowa, kimenyooka. Tukakiunga kwenye betri, kikawaka rangi ya chungwa bila tatizo.

Mpaka hapo ushahidi mitatu unasema jambo moja: injini hii haikuwa na njaa ya mafuta.

Tatu, ikiwa imepoa kabisa, nilimwambia kijana azungushe flaiwili kwa kidole. Akazungusha. Nikampa na injini yangu moja azungushe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Anko, yangu inapita tu." Ile yangu ilibana kileleni mpaka akahitaji nguvu. Yake ilipita kileleni kama mlango usio na kitasa.

Basi ni mgandamizo. Pistoni na laina zimelika. Lakini zimelika kwa nini? Injini yenye mafuta ya kutosha inaweza kuzeeka, ndiyo, ila hii ilikuwa na nguvu wiki mbili tu nyuma.

TUKAFUNGUA

Tulitandika gazeti, tukafungua kichwa, tukaichomoa laina. Pistoni iliyokwaruzika kwa kukosa oili huwa na mabaka: sehemu pana zilizosuguana mpaka metali ikapakana na metali, na juu yake hubabuka kwa joto. Yetu haikuwa na mabaka. Ilikuwa na mistari. Mistari myembamba, mingi, imenyooka kutoka juu hadi chini, kama mtu aliyepitisha msasa laini. Na mingi ilikuwa upande ule mafuta na hewa vinapoingilia.

Mistari ya namna hiyo huandikwa na kitu kimoja: vumbi.

Nikachukua kitambaa cheupe, nikakipitisha kwenye koo la kabureta, ndani, baada ya chujio la hewa. Kikatoka na tope la rangi ya kahawia. Mahali hapo hapatakiwi kuwa na vumbi hata chembe. Sasa tulikuwa tunajua njia iliyopita, imebaki kuona mlango.

Chujio lenyewe, ile sponji, lilikuwa safi kupindukia. Kijana alikuwa amelifua kwa sabuni ya unga, akalikausha juani, akalirudisha. Alidhani anaitunza injini, na nani angemwambia vinginevyo? Lakini sponji kavu haizuii vumbi letu. Vumbi la changarawe la Eastlands wakati wa kiangazi, Januari hadi Machi, ni laini kama unga wa chapati. Sponji inatakiwa ilowe oili maalumu yenye kunata, ndipo chembe zinaswe. Na zaidi ya hapo, shingo ya mpira inayoshika chujio kwenye kabureta ilikuwa na ufa, na haikuwa imefungwa kwa mkanda wa plastiki. Kila gari liliporuka, shingo ilifunguka kidogo na kumeza.

Ndipo nikauliza jina la fundi, na siku iliyofuata nikaenda Kariobangi.

DAFTARI LA MZEE

Mzee nilimkuta ameinama juu ya jenereta. Nilimsalimu, nikamweleza nimetumwa na nini. Habari za kwa kinyozi zilikuwa zimemfika zamani. Hakufoka. Alifuta mikono, akavuta droo, akatoa daftari la shule, la kurasa 96, lenye jalada lililochakaa.

Ndani yake, kila kazi ina mstari wake. Tarehe, mashine, ilivyokuja, alichofanya. Kwenye mstari wa gari la kijana aliandika idadi ya mizunguko ya sindano kuu kutoka ilipofungwa: ilikuja ikiwa mizunguko mitatu na nusu, ikaondoka ikiwa mitatu na robo. Robo moja tu! Na chini yake, kwa herufi ndogo: "mpira wa chujio umepasuka, nimemwambia."

Nilikuwa nimeihesabu sindano ya kijana kabla ya kufungua injini. Mitatu na robo. Haikuwa imeguswa na mtu mwingine.

Wasomaji, mimi nimefanya kazi na watu wenye shahada ambao hubadilisha mfumo wa kampuni nzima Ijumaa jioni bila kuandika neno moja. Mzee huyu, kwa kalamu ya bei ya chini kabisa dukani, ana historia ya kila badiliko, pamoja na hali ya kabla na ya baada. Anaweza kurudisha mashine ilivyokuwa siku yoyote. Nilimuuliza nani alimfundisha. Akanijibu, "Wateja. Mtu akirudi na kelele, lazima uwe na kitu cha kumwonyesha."

HUKUMU

Nilimwonyesha kijana vitu vyote juu ya gazeti: plagi, laina, kitambaa chenye tope, picha ya ukurasa wa daftari. Sikumwambia kitu kuhusu fundi. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema ni kweli mzee alimtajia mpira, na yeye aliona ni jambo dogo, angelishughulikia akipata pesa.

Je, mikwaruzo yote ni ya wiki zile mbili? Ushahidi hausemi hivyo. Gari ni la mitumba, na huenda mwenye kulitangulia naye alilimeza vumbi. Pistoni haiandiki tarehe. Lakini kwamba fundi hakuiunguza injini, hilo ushahidi unalisema kwa sauti.

Nilimwomba jambo moja. Yale maneno aliyasemea kwa kinyozi, basi na ya kuyafuta akayasemee pale pale. Kumwomba mzee msamaha faraghani kungemponya kijana moyo wake, ila jina la mzee lingebaki limechafuka kwenye kile kiti. Haikuwa rahisi kwake. Ana miaka kumi na tisa, na wenziwe ndio hao hao wanaokaa pale. Alikwenda Jumamosi iliyofuata. Baadaye akapanda mpaka Kariobangi, akamwambia, "Mzee, niliongea vibaya juu yako." Mzee akamjibu, "Lete hiyo laina niione." Kijana sasa anaweka akiba tena, ya pistoni na laina mpya, na Jumamosi nyingine humsaidia mzee kufungua jenereta.

MKIFIKWA NA NYINYI

Kwa wenye magari haya, au wanaopanga kununua, huu ndio mpangilio ninaoufuata. Upo hivyo kwa sababu unaanza na kilicho rahisi na kisichobadilisha kitu.

1. Plagi. Iunge na betri ukiwa umeitoa. Haiwaki, badilisha, umemaliza. Injini ikizima mara tu unapoondoa betri, plagi imechoka au mafuta yamezidi.

2. Mafuta. Methanoli hunyonya unyevu wa hewani. Chupa iliyokaa wazi kwa muda mrefu imeshanyonya maji, usiihukumu injini kwayo. Angalia mipira yote miwili ya tanki, ule wa kwenda kabureta na ule unaoleta shinikizo kutoka ekzosi. Tundu dogo kama la sindano linatosha kuisumbua injini siku nzima.

3. Hewa. Chujio lilowe oili, shingo ifungwe kwa mkanda. Injini ikikataa kushuka sauti unapoachia kifyatulio, shuku hewa inaingia mahali pasipostahili: chini ya kabureta, bamba la nyuma, au beringi ya mbele.

4. Mgandamizo. Zungusha kwa kidole ikiwa baridi. Inabana au inapita?

5. Sindano ndiyo ya mwisho. Hesabu mizunguko mpaka ifunge, iandike, irudishe ilipokuwa. Kisha geuza moja ya nane ya mzunguko kwa wakati mmoja, endesha dakika kadhaa, pima joto, andika. Ukitaka kujua mchanganyiko wa chini ukoje, acha injini iunguruma polepole, kisha ufinye mpira wa mafuta karibu na kabureta. Ikiongeza mwendo kidogo na kufa baada ya sekunde mbili tatu, ni sawa. Ikifa papo hapo, ni kavu. Ikiendelea kwa muda mrefu, mafuta ni mengi.

Na ukivuta kamba ikakataa kabisa, usitumie nguvu. Silinda imejaa mafuta, na mafuta hayagandamiziki. Utavunja konrodi. Toa plagi, pindua gari, vuta kamba yamwagike.

Neno la mwisho, na hili silisemi kwa mzaha. Mafuta haya ni methanoli. Mwali wake hauonekani vizuri mchana, unaweza kuungua bila kuona moto. Na ni sumu. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa hapa Nairobi kwa pombe haramu iliyotiwa methanoli, na Mei 2014 makumi wengine walikufa katika kaunti kadhaa za Kenya, na waliopona baadhi yao walipofuka. Kwa hiyo msiyavute kwa mdomo, msiyaweke kwenye chupa ya soda, na kwenye chumba kimoja chenye watoto msiyaweke kabisa. Mimi yangu yako kwenye kopo la chuma lenye kufuli, na juu ya kopo nimebandika fuvu la kichwa lililochorwa na binti yangu.

Haya, nunueni daftari. Ya kurasa 96 inatosha kuanzia. Wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata.